Tovuti Binafsi, Wiki au Daftari la Viungo: Kipi Kitunze Maarifa Yako?

Mtu anayesoma sana na kuandika anachokisoma hufika mahali ambapo maandishi yake mwenyewe yanamshinda. Dondoo zimetawanyika katika simu, katika barua pepe alizojitumia na katika folda zenye majina yasiyomkumbusha kitu, na jambo alilolielewa barabara miaka miwili iliyopita analisoma upya kana kwamba hajawahi kukutana nalo. Anapotafuta njia ya kuondokana na hali hiyo hupata ushauri mwingi unaogombana, kwa sababu kila mshauri anatetea chombo alichokizoea. Makala hii inaviweka sambamba vyombo vinne vinavyotumia haipateksti, yaani matini yenye viungo vinavyomtoa msomaji ukurasa mmoja hadi mwingine: tovuti binafsi, wiki (tovuti ambayo watu wengi wanaweza kuihariri kurasa zake moja kwa moja), daftari la faili za matini zilizounganishwa ndani ya kompyuta ya mtu mwenyewe, na programu za maandishi zinazokaa katika seva, yaani kompyuta za mtandaoni, za kampuni.

Nieleze mapema kigezo ninachokipa uzito, ili msomaji asiyekubaliana nacho ajue pa kupunguza imani yake kwangu. Naamini kwamba maarifa hayakai ndani ya kurasa peke yake, bali zaidi katika sababu iliyomfanya mwandishi auunganishe ukurasa huu na ule. Kwa hiyo chombo chema ni kile kinachokuwezesha, na ikiwezekana kukulazimisha, kuiandika sababu hiyo kwa maneno, na kinachoiacha isomeke hata baada ya chombo chenyewe kuachwa na watengenezaji wake. Kasi, urembo, michoro ya nukta na mistari na wingi wa vitufe nimeviweka nyuma ya hilo.

Kiungo cha upande mmoja na kiungo cha pande mbili

Tofauti kubwa kati ya vyombo hivi ilianza kabla ya vyombo vyenyewe kuwapo. Julai 1945 mhandisi Mmarekani Vannevar Bush alieleza katika jarida la The Atlantic mashine aliyoiita Memex, meza yenye filamu ndogondogo za vitabu, barua na kumbukumbu, ambayo ingemruhusu mtumiaji kufunganisha hati mbili na kuacha njia ambayo yeye mwenyewe au mtu mwingine angeweza kuifuata tena baada ya miaka mingi. Mashine hiyo haikujengwa, ila jambo la maana lilikuwa limekwisha kusemwa: njia inayopita kati ya hati ina thamani yake yenyewe, na inaweza hata kurithishwa. Ted Nelson, aliyelitoa neno haipateksti hadharani mwaka 1965, alitaka viungo vya pande mbili, ili kila hati ijue ni hati zipi zinazoielekea na kila nukuu ibaki imefungwa na chanzo chake.

Tim Berners-Lee, ambaye pendekezo lake la kwanza liliwasilishwa katika kituo cha utafiti cha CERN mwezi Machi 1989, alifuata njia nyingine. Katika wavuti alioujenga, kiungo ni cha upande mmoja: yeyote anaweza kuuelekea ukurasa wa yeyote bila kuomba ruhusa, na hakuna rejista kuu inayoorodhesha viungo vyote duniani. Uamuzi huo ulichangia sana kuuwezesha wavuti kuenea. Gharama yake ni kwamba ukurasa unaoelekewa hauna habari, na ukihamishwa au ukifutwa hakuna anayearifiwa.

Mwaka 1995 Ward Cunningham alifungua wiki ya kwanza na kuongeza jambo dogo lenye nguvu: kiungo kinachoelekea ukurasa ambao bado haujaandikwa kiliacha kuwa kosa, kikawa mwaliko wa kuuandika. Madaftari ya viungo yaliyopata umaarufu karibu na mwaka 2020, kama vile Roam Research na Obsidian, yamerudisha viungo vya pande mbili alivyovitaka Nelson, lakini ndani ya uzio wa maandishi ya mtu mmoja. Kwa hiyo anayechagua kati ya tovuti na daftari anachagua pia kati ya kiungo kinachofika popote bila uhakika na kiungo chenye uhakika kisichotoka nje ya uzio.

Dokezo moja, vyombo vinne

Ulinganisho wa sifa peke yake hudanganya, kwa hiyo tuchukue kazi moja na kuipitisha katika kila chombo. Mtu anajifunza historia ya tiba. Ameandika ukurasa kuhusu kwinini, dawa ya malaria, unaosema kwamba Pelletier na Caventou, wanakemia wa Ufaransa, waliitenga kutoka magome ya mti wa sinkona mwaka 1820. Baadaye anaandika ukurasa wa Laveran, daktari aliyekiona kimelea cha malaria katika damu ya mgonjwa mwaka 1880. Akiziweka kurasa hizo mbili pamoja anatambua jambo ambalo halimo katika ukurasa wowote kati ya hizo: dawa ilikwisha kutengwa miaka 60 kabla ya mtu yeyote kukiona kinachosababisha ugonjwa. Anakumbuka pia kwamba James Lind alijaribu machungwa na malimau kwa mabaharia wenye kiseyeye mwaka 1747, ilhali vitamini C haikujulikana hadi karne ya 20, na kwamba Jenner alichanja dhidi ya ndui mwaka 1796 bila kujua chochote kuhusu virusi. Sasa anahitaji ukurasa mpya wenye jina kama “Tiba iliyotangulia maelezo”. Ukurasa huo ndio maarifa yake mwenyewe. Kurasa nyingine tatu au nne angeweza kuzipata katika kamusi elezo yoyote.

Katika daftari la viungo, kazi hii ni ya sekunde chache. Anaandika jina la ukurasa mpya ndani ya mabano mraba mawili, [[Tiba iliyotangulia maelezo]], popote wazo linapomjia, hata kabla ya ukurasa huo kuwapo, na programu inauunda anapobofya. Akiufungua, anaona chini yake au pembeni orodha ya kurasa zote zinazouelekea: kwinini, kiseyeye, chanjo ya ndui. Hakuna chombo kingine katika ulinganisho huu kinachopokea wazo changa kwa wepesi kama huo, na kwa mtu ambaye bado hajui anachofikiri, wepesi huo una thamani kubwa.

Katika wiki, hatua ni zile zile, zikiwa nzito kidogo. Kiungo kinachoelekea ukurasa usiokuwapo huonekana kwa rangi tofauti, nyekundu katika MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, na kubaki hivyo mpaka mtu aandike. Kuna orodha ya kurasa zinazouelekea ukurasa huu, na kuna historia kamili ya kila badiliko, inayoonyesha sentensi ilivyokuwa kabla ya kurekebishwa na nani aliyeirekebisha.

Katika tovuti iliyoandikwa kwa mkono, mwandishi anaunda faili mpya, anaingia katika ukurasa wa kwinini na kuandika kitu kama <a href="tiba-iliyotangulia-maelezo.html">tiba ilitangulia maelezo</a>, kisha anakwenda katika kurasa za kiseyeye na ndui kufanya vivyo hivyo, na kama anataka msomaji aweze kurudi, anaviandika viungo vya kurudi yeye mwenyewe katika ukurasa mpya. Ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo, kwa kuwa anamwandikia msomaji asiyemjua, hawezi kuacha majina matatu yakining'inia bila maelezo. Analazimika kusema kwa sentensi nzima jinsi Lind anavyohusiana na Pelletier, na mara nyingi ni katika kuiandika sentensi hiyo ndipo anapogundua kwamba mifano yake hailingani. Magome ya sinkona yalikuwa yakitumika muda mrefu kabla ya 1820, kwa hiyo pengo la miaka 60 analolisifu ni la kutenga kemikali, si la tiba yenyewe, na pengo halisi ni kubwa zaidi. Daftari lisingemwambia hivyo, kwa sababu daftari halimuulizi.

Katika programu za seva za kampuni, mtumiaji huweza kuunganisha kurasa kwa kutaja majina yao, na zaidi ya hapo anaweza kujenga jedwali la magonjwa lenye safu za mwaka wa tiba na mwaka wa kugunduliwa kwa kisababishi, kisha akalipanga kwa ukubwa wa pengo. Kwa data ya namna hiyo jedwali linashinda maandishi kabisa, na atakayebisha ajaribu kupanga mifano arobaini kwa macho.

Daftari la viungo: wepesi na hatari yake

Nguvu ya daftari haitokani na programu bali na faili zake. Madaftari kama Obsidian huhifadhi kila ukurasa kama faili ya matini ya kawaida iliyoandikwa kwa Markdown, mtindo wa kuweka alama ulioanzishwa na John Gruber mwaka 2004, ambao husomeka vizuri hata katika kihariri cha matini kisichojua lolote kuuhusu. Programu ikifa leo, faili zinabaki katika folda, zinaweza kutafutwa, kunakiliwa na kufunguliwa katika programu nyingine. Si madaftari yote yako hivyo. Mengine huhifadhi kila kitu katika hifadhidata ya kampuni, na hayo ningeyahesabu katika kundi la nne hata kama yana mabano mraba yale yale.

Hatari iko katika wepesi wenyewe. Pale ambapo kuunganisha hakugharimu kitu, watu huunganisha kila nomino: jina la mji, jina la karne, neno “dawa”. Baada ya muda, ukurasa wa “Ufaransa” una orodha ya madokezo mia yanayouelekea, na hakuna hata moja linalosema kwa nini. Mchoro wa nukta na mistari unaotolewa na programu huwa unapendeza sana kipindi hicho, na humfurahisha mgeni anayechungulia, lakini sijaona swali la maana linalojibiwa nao. Mazoea yanayosaidia ni kutoweka kiungo mpaka sentensi inayokizunguka iseme uhusiano, na kuufuta ukurasa wowote unaoelekewa na wengi bila kuwa na maneno yake wenyewe.

Jambo la pili ni majina. Daftari nyingi hutambua ukurasa kwa jina lake, na jina hubadilika kadiri mtu anavyoelewa. Programu nzuri hurekebisha viungo vyote jina linapobadilishwa ndani yake, lakini ukibadilisha jina la faili nje ya programu, viungo hukatika kimya. Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, ambaye kadi zake zipatazo 90,000 sasa ziko chini ya Chuo Kikuu cha Bielefeld, aliliepuka tatizo hili bila kompyuta: kila kadi ilipewa namba isiyobadilika, na kadi mpya iliweza kuingizwa katikati kwa kuongeza herufi au tarakimu mwishoni mwa namba ya jirani yake. Namba haimwambii msomaji kitu, lakini haimdanganyi pia. Anayependa majina yenye maana anaweza kuanza jina la faili kwa tarehe na saa ya kuundwa kwake, kisha aongeze maneno anayoyataka, mradi viungo vyake vitegemee ile sehemu ya kwanza.

Na la tatu, daftari halina msomaji. Mwandishi hujiandikia kwa mkato, akijua kwamba ataelewa, na baada ya mwaka haelewi.

Tovuti binafsi: kazi nyingi, anwani ya kudumu

Tovuti binafsi huyapa maarifa yako anwani ambayo mtu mwingine anaweza kuitaja. Ukurasa wa “Tiba iliyotangulia maelezo” ukiwa katika wavuti, mwalimu anaweza kuwaelekeza wanafunzi wake, mpinzani anaweza kuujibu, na injini za utafutaji zinaweza kukuletea msomaji ambaye humfahamu. Ukiweka vitambulisho katika aya, kwa sifa iitwayo id ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, hata aya moja hupata anwani yake, na kiungo humfikisha msomaji kwenye hoja yenyewe badala ya kumtupa juu ya ukurasa mrefu. Kwa kazi ya maarifa sifa hii ni ya maana sana, na nashangaa jinsi inavyotumika kidogo.

Uimara wa HTML nao haujapata mshindani. Nakala ya mwaka 1992 ya tovuti ya kwanza duniani, iliyorudishwa na CERN katika anwani yake ya info.cern.ch, inafunguka katika kivinjari cha leo bila kurekebishwa. Faili chache sana za programu za mwaka huo zinafunguka kwa urahisi kama huo.

Lakini uimara wa lugha si uimara wa anwani. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. GeoCities, huduma iliyobeba mamilioni ya kurasa binafsi na iliyonunuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilifungwa Oktoba 2009. Waliokuwa na anwani ndani yake walizipoteza hata kama walikuwa na nakala za faili zao. Kwa hiyo mtu anayejenga tovuti kwa ajili ya maarifa na asiwe na jina la kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, lililo lake mwenyewe ameiacha sehemu muhimu zaidi mikononi mwa mwingine. Kikoa hakinunuliwi moja kwa moja bali hukodiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, na anayesahau kulipia hupoteza kila kiungo kilichowahi kumwelekea. Faili zinaweza kukaa popote, hata katika huduma za bure kama GitHub Pages zinazopokea tovuti tuli, yaani zenye kurasa zilizokwisha kutengenezwa, na kuhamishwa wakati wowote, ilimradi kikoa ni chako.

Anwani za kurasa zenyewe zinahitaji fikra kabla ya kuandikwa. Berners-Lee alishauri mwaka 1998 kwamba anwani iachwe bila mambo yanayobadilika, kama vile mada, hadhi ya hati, jina la programu na kiambishi cha aina ya faili. Ushauri huo umezeeka vizuri. Anwani inayoishia na /kwinini itaishi kuliko inayoishia na /tiba/rasimu/kwinini.php, kwa kuwa siku moja ukurasa hautakuwa rasimu tena, na siku nyingine utaachana na PHP, lugha ya programu iliyoutengeneza.

Uchovu wa kuandika HTML kwa mkono hupunguzwa na programu zinazozalisha tovuti tuli, kama Jekyll ya mwaka 2008 na Hugo ya mwaka 2013, ambazo huchukua folda ya faili za Markdown na kutoa kurasa zilizokamilika. Zinapunguza kurudiarudia kichwa na mguu wa kila ukurasa, na kwa msaada wa violezo zinaweza kukutengenezea orodha ya kurasa zinazouelekea ukurasa. Zinaongeza kitu kimoja cha kutunza: programu yenyewe hubadilika, na violezo vilivyofanya kazi mwaka huu vinaweza kugoma toleo lijalo. Mwenye kurasa zisizozidi mia, na asiyeogopa alama za HTML, anaweza kuishi vizuri bila programu hizo.

Kuhusu upofu wa kiungo cha upande mmoja, kuna tiba ya nusu. Webmention, kanuni iliyopitishwa mwaka 2017 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, huiwezesha tovuti moja kuijulisha nyingine kwamba imeiwekea kiungo. Inahitaji tovuti zote mbili ziielewe, kwa hiyo inafanya kazi katika kundi dogo la wapenzi wa tovuti binafsi na kwingineko hainufaishi. Kwa viungo vinavyotoka kwako kwenda kwa wengine, fanya jambo la kawaida zaidi: dondoa maneno unayoyategemea ndani ya ukurasa wako, na uombe Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, ihifadhi nakala ya ukurasa huo siku unapoutaja.

Wengi watauliza kuhusu blogu. Blogu ni tovuti iliyopangwa kwa tarehe, na tarehe ni mpangilio mzuri wa habari lakini mbaya wa maarifa, kwa sababu makala bora ya mwaka juzi huzikwa chini ya makala ya kawaida ya wiki hii, na mwandishi huona haya kurekebisha kilichokwisha kuchapishwa. Ukiwa nayo tayari, usiifute. Ongeza kurasa zisizo na tarehe na uzielekezee makala zako za zamani.

Wiki: chombo cha kundi

Wiki nitaipa maneno machache kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi. Watu wanne wakitaka kujenga maarifa pamoja, na kila mmoja awe na haki ya kurekebisha sentensi ya mwenzake, hakuna kinachoishinda. Historia ya mabadiliko huondoa woga wa kuharibu, ukurasa uliobadilishwa jina huacha nyuma yake kielekezi kinachompeleka msomaji mahali papya, na ukurasa wa majadiliano hubeba mabishano ambayo vinginevyo yangepotea katika jumbe za simu.

Kwa mtu mmoja, wiki ya seva ni mzigo. MediaWiki inahitaji hifadhidata, masasisho ya usalama yasiyokoma na ulinzi dhidi ya watu na roboti wanaojaza kurasa matangazo. Isitoshe, kwa maoni yangu, sauti ya wiki huelekea kuwa ya kila mtu, na kwa hiyo si ya mtu yeyote. Sentensi zenye msimamo hupunguzwa makali mpaka zikubalike na wote. Hilo linafaa mwongozo wa kazi, halifai fikra za mtu anayejaribu kujua anaamini nini. Anayependa namna ya wiki akiwa peke yake atazame TiddlyWiki, iliyoanzishwa na Jeremy Ruston mwaka 2004, ambamo wiki nzima, pamoja na programu yake, ni faili moja ya HTML. Wazo ni zuri ajabu. Kero yake ni kwamba vivinjari, kwa sababu za usalama, haviruhusu ukurasa ujihifadhi juu ya faili yake hivihivi, kwa hiyo unahitaji kiongezi au programu ya pembeni ili kuhifadhi bila kupakua nakala mpya kila mara.

Programu za seva za kampuni: kuingia ni rahisi, kutoka je?

Programu hizi zinafunguka katika simu na kompyuta bila kusanidi chochote, zinaruhusu watu kuandika pamoja kwa wakati mmoja, na majedwali yake ni bora kuliko ya vyombo vingine vyote hapa. Mtu ambaye ana simu tu, na hana nia ya kujifunza faili na folda, atazitumia kwa furaha zaidi kuliko kitu chochote nilichokitaja juu. Sitamlaumu.

Swali ni siku ya kuondoka. Nyingi hutoa njia ya kutoa data yako kama Markdown, HTML au majedwali ya CSV (faili za matini tupu), na hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kurasa na mahusiano yake. Maneno hutoka salama. Uhusiano kati ya jedwali na jedwali mara nyingi hutoka kama maandishi tu, fomula hutoka kama matokeo yake ya siku hiyo, na viungo hutoka vikiwa na majina ya faili yenye mikia mirefu ya herufi na tarakimu. Kwa kigezo nilichokitaja mwanzoni, hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa kinachopotea ni njia zenyewe. Na huduma kuwa na watumiaji wengi waaminifu si kinga. Google Reader, huduma ya kusomea blogu na habari iliyofungwa Julai 2013, ilikuwa nao.

Nani achukue kipi

Mtafiti, mwanafunzi au mwandishi anayefanya kazi peke yake achukue daftari la faili za Markdown, na aliongezee tovuti ndogo kwa kurasa zilizokomaa. Huu ndio uchaguzi ninaoutetea kwa watu wengi, kwa sababu folda moja inaweza kulisha vyote viwili: madokezo machanga yanabaki faraghani, na ukurasa huvushwa kwenda katika tovuti pale tu ambapo kila kiungo chake kina sentensi inayokitetea. Mpaka huo kati ya faragha na hadhara hufanya kazi ambayo programu haiwezi kuifanya, yaani kumrudisha mwandishi kwenye dokezo lake akiwa na macho ya mgeni.

Mchanganyiko huu una usumbufu wake, na ni haki kuutaja. Mabano mraba mawili hayaeleweki kwa kila programu ya kuzalisha tovuti, kwa hiyo lazima uchague inayoyaelewa, au uandike viungo vyako kwa mtindo wa kawaida wa Markdown tangu mwanzo. Ukurasa wa hadharani unaoelekea dokezo ambalo hujalichapisha hutoa kiungo kilichokufa, na wakati mwingine jina la dokezo lenyewe hufichua ulilotaka kulificha. Kwa hiyo kagua viungo vinavyotoka kabla ya kuchapisha. Na taarifa za watu wengine, hata zikiwa zimeandikwa kwa nia njema, ziwekwe katika folda ambayo haiguswi kabisa na programu ya kuchapisha, kwa sababu siku ya haraka hukumbuki kukagua.

Mtaalamu mwenye eneo dogo analolijua vizuri, ambaye watu humuuliza maswali yale yale kila mwezi, aruke daftari na aanze na tovuti moja kwa moja. Maswali hayo ndiyo mpango wa kurasa zake. Kundi lichukue wiki. Mwenye orodha, tarehe na hesabu zaidi ya maelezo achukue programu ya majedwali, na aandike mahali pengine yale anayojifunza kutokana nayo.

Kabla ya kuhamishia kitu chochote cha maana, fanya jaribio la jioni moja. Chukua mada moja uliyoizoea, andika kurasa ishirini hivi katika chombo unachokifikiria, ziunganishe kama unavyopenda, kisha uzitoe zote na uzifungue katika kihariri cha matini tupu, ndani ya kompyuta ambayo haina chombo hicho. Fuata viungo vitano kwa mkono. Kama unaweza kuijua faili inayoelekewa kwa kusoma jina lake tu, na sentensi bado inasema kwa nini umeielekea, chombo hicho kinafaa hata kama kinaonekana duni. Kama unakutana na namba zisizosomeka na majedwali yaliyopasuka vipande, basi kitumie kwa mambo ya muda tu.

Na wale ambao tayari wana mamia ya madokezo katika programu ya kampuni wasianze kwa kuhamisha yote. Toa nakala nzima na uihifadhi kama ilivyo, kisha hamisha kwa mkono dokezo moja moja, siku unapolihitaji, ukiliandika upya na kuliwekea viungo vyake njiani. Yatakayobaki katika ile nakala bila kufunguliwa hayana haja ya kuhamishwa.